Neno "Mafuta" na Breki za Land Rover: Funzo la Istilahi kutoka Uani

Utangulizi

Mijadala ya istilahi katika vyama vyetu vya Kiswahili aghalabu huanzia kwenye kamusi na kukomea papo hapo. Tunauliza neno lipi ni sanifu, lipi limekopwa na lipi linakiuka sarufi. Ni nadra tuulize kwamba neno hilo likishatamkwa, msikilizaji atashika chupa ipi. Makala haya yanashughulikia swali hilo la mwisho. Uwanja wa uchunguzi ni ua wa nyumba yetu karibu na Wundanyi, katika milima ya Taita, na kielelezo ni Land Rover kuukuu ya baba, ya toleo la Series III lililoundwa kati ya 1971 na 1985, ambayo hadi leo hubeba kabeji na nyanya kuteremka Mwatate. Hoja yetu ni kwamba kulitunza gari la namna hiyo nyumbani ni kazi ya lugha sawasawa na ilivyo kazi ya spana, na kwamba neno pana kupita kiasi laweza kuleta hasara kubwa kuliko spana isiyotoshea nati.

Ieleweke kwamba mwandishi si fundi. Yaliyomo humu niliyapata kwa kushika tochi, kupokea spana na kukosea.

Kosa la kalamu

Katika likizo moja niliamua kumsaidia baba kwa njia niliyoijua, yaani kuandika. Niliandaa ratiba ya matunzo ya gari kwa Kiswahili nilichokiona safi, nikaibandika kwenye mlango wa stoo. Kila Jumamosi, nilielekeza, yakaguliwe maji ya rejeta, mafuta ya injini, mafuta ya breki na upepo wa matairi, palipopungua paongezwe. Nilijivunia kwamba hapakuwa na neno hata moja la Kiingereza.

Jumamosi iliyofuata sikuwapo. Binamu yangu, kijana mtiifu na msomaji mzuri, alikagua kila kitu kama nilivyoagiza. Akakuta kikopo cha breki kimepungua. Akaingia stoo, akaona galoni iliyoandikwa mafuta, akajaza. Yalikuwa mafuta ya injini.

Siku ya tatu baba alipokuwa akiteremka na mzigo, alihisi gari linakuwa zito ilhali barabara ni ya mteremko. Akaondoa mguu kwenye breki; gari halikuachia. Harufu ya kuungua ikaingia ndani. Alisimama kando, akaweka mawe nyuma na mbele ya magurudumu, akasogeza kiganja karibu na dramu ya breki, asithubutu kuigusa. Hakuendelea na safari, na hilo ndilo lililomwokoa.

Mzee fundi aliyeitwa kulitazama gari alifungua kifuniko cha kikopo, akachovya kidole, akanusa, kisha akaiomba ile ratiba. Aliisoma taratibu. "Mwalimu," akaniambia, "uliandika mafuta, naye akatia mafuta. Kijana hana kosa."

Maelezo yake yafaa kunukuliwa kwa mukhtasari. Kiowevu cha breki za gari hili hakitokani na mafuta ya petroli. Ni kemikali za jamii ya glikoli, na raba zote zilizomo katika mfumo zimeundwa kuvumilia kiowevu hicho. Raba hizo zikikutana na mafuta ya injini hufura. Raba iliyofura ndani ya masta silinda huziba kitundu kidogo ambacho kiowevu hurudia dereva anapoachilia pedali. Shinikizo hubaki limefungiwa, shuu za breki huendelea kukwaruza dramu, joto hupanda, na hatimaye breki humtoroka dereva kabisa. Tiba yake haina mkato: mfumo mzima humwagwa, huoshwa kwa spiriti, na raba zote hubadilishwa. Gari letu ni lile refu, ambalo ekseli zake zimeachana kwa inchi 109. Kila gurudumu la mbele lina silinda ndogo mbili na kila la nyuma lina moja. Jumla ni sita, mbali na masta silinda na mipira ya kupitishia kiowevu. Fedha zilizonunua vifaa hivyo zilitoka katika karo yangu ya muhula uliofuata.

Mafuta ni yapi?

Kisemantiki, mafuta ni hipanimu, yaani neno jumuishi lenye maneno mahususi chini yake. Hapo hapana tatizo. Kila lugha inayo maneno ya aina hiyo. Tatizo huzuka pale mwandishi anapolitumia neno jumuishi mahali panapodai mahususi, akidhani kwamba kivumishi kidogo kama "ya breki" kitatosha kumlinda msomaji. Kwa mtu asiyejua kwamba yapo mafuta yasiyofaa, "mafuta ya breki" humaanisha tu mafuta yanayotiwa kwenye breki, yoyote yale.

Tazama jinsi mafundi wenyewe wanavyogawanya. Kwao mafuta, bila nyongeza, ni petroli au dizeli: "gari limeisha mafuta". Kinacholainisha injini ni oili. Kilicho kizito zaidi, chenye harufu kali, ni oili ya gia. Kile kinachopakwa au kusukumwa kwa pampu kwenye viungo vya propela shafti ni grisi. Cha breki ni fluidi, na klachi nayo, ambayo katika gari hili huendeshwa kwa msukumo wa kiowevu, hutumia fluidi hiyohiyo. Maneno haya karibu yote yamekopwa, na kwa muda mrefu niliyaona kuwa dalili ya uvivu. Sasa nayaona vingine. Ukopaji huo umehifadhi mipaka ambayo usanifishaji wangu wa haraka uliifuta. Atakaye kuyaepuka na aseme "kiowevu cha breki", maadamu asiseme mafuta. Wala asiseme "maji ya breki" kama wasemavyo wengine, kwa sababu maji nayo ni adui wa mfumo huo. Kiowevu hiki hunyonya unyevu wa hewani, na kikishanyonya huchemka upesi kwenye mteremko mrefu. Ndiyo sababu hushauriwa kibadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama hakijapungua.

Kinyume chake pia kipo: kitu kimoja, mahali pengi. Oili ya gia ya daraja la EP 90 hutiwa katika giaboksi kuu, katika giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma, katika difu mbili, katika tufe mbili zilizo nyuma ya magurudumu ya mbele, na katika kisanduku cha usukani. Ni mahali saba, na kila pamoja pana kizibo chake. Anayeandika "ongeza oili ya gia" hajaandika lolote.

Breki ya mkono isiyoshika gurudumu

Mfano wa pili nauona kuwa wa hatari zaidi, kwa kuwa hapa neno ni sahihi na bado linapotosha. Jina "breki ya mkono" hutaja mahali dereva anaposhika. Halitaji mahali breki inaposhika. Katika magari mengi madogo breki hiyo hubana magurudumu ya nyuma moja kwa moja. Katika Land Rover za zamani haifanyi hivyo. Hubana dramu iliyo nyuma ya giaboksi ndogo, na kwa hiyo huishika propela shafti iendayo nyuma. Matokeo yake ni haya: ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu huliruhusu gurudumu lililo hewani kuzunguka upande mmoja huku lenzake lililo chini likibingirika upande wa pili. Breki ya mkono imevutwa hadi mwisho, na gari linaondoka juu ya jeki.

Kwa hiyo magurudumu yanayobaki chini huwekewa kabari pande zote mbili, nguvu huunganishwa mbele na nyuma ili magurudumu ya mbele nayo yashikwe, na hakuna anayeingia chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Huwekwa stendi za chuma au magogo mapana. Kwetu, ambako hapana futi kumi za ardhi tambarare, hili si jambo la hiari.

Vitenzi

Wanafunzi wa mofolojia watapendezwa na jinsi kazi hii inavyotegemea vitenzi kuliko nomino. Fundi hutofautisha kulegeza na kufungua. Nati za gurudumu hulegezwa gari likiwa chini, hufunguliwa likiwa juu. Atakayefungua kwa nguvu likiwa juu ataliangusha. Hutofautisha pia kuvuja na kutoka jasho. Sili inayotoka jasho huangaliwa tu, inayovuja hubadilishwa. Hata hivyo, kabla ya kuibadilisha yafaa kuchunguza kijitundu cha kupumulia cha ekseli. Kikizibwa na matope, joto husukuma oili kupitia kwenye sili iliyo nzima, ikafika hadi kwenye shuu za breki.

Lakini ni katika kutoa upepo kwenye breki ndipo vitenzi huwa kila kitu. Kazi hii ni ya watu wawili wasioonana. Mmoja yumo ndani, mguu kwenye pedali. Wa pili yuko chini, spana kwenye skrubu ndogo ya silinda, mrija wake umezamishwa katika chupa yenye kiowevu. Huanzwa na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ambalo kwa magari yetu yenye usukani kulia ni la nyuma kushoto. Amri ni tatu: kanyaga, shikilia, achilia. Katika "shikilia" skrubu hufunguliwa, kiowevu na mapovu hutoka, kisha hufungwa. Hapo tu ndipo huruhusiwa "achilia". Mimi niliyekuwa ndani nilisikia "haya", nikaachilia. Skrubu ilikuwa bado wazi, hewa ikanyonywa, na kazi ya nusu saa ikaanza upya. "Haya" si amri, ni kihisishi. Sikuwahi kufundishwa tofauti hiyo kwa uchungu namna ile.

Kuhusu kuvuta kwa magurudumu manne, nitaje jambo moja tu. Kirungu cha manjano hubonyezwa chini kuunganisha magurudumu ya mbele katika gia nyepesi. Cha rangi nyekundu huvutwa nyuma, gari likiwa limesimama na klachi imekanyagwa, kupata gia nzito pamoja na magurudumu yote manne. Kwenye lami kavu hali hiyo haifai, kwa sababu gari halina difu ya kati. Kwenye kona magurudumu ya mbele husafiri mbali kuliko ya nyuma, na shafti hujisokota. Baba kamwe hasemi "tia nne", kwani nne ni gia pia. Husema "bonyeza manjano" au "vuta nyekundu". Sijaona istilahi bora kuliko hiyo.

Ratiba niliiandika upya. Kila chombo stooni sasa kina utepe wa rangi yake, na rangi hiyo imepakwa kwenye kizibo kinachohusika. Kwenye chupa ya kiowevu cha breki baba ameongeza kwa mkono wake: "HII SI MAFUTA." Upatanisho wa ngeli una kasoro, nami sijausahihisha.