Njia ya Hewa Kwanza: Kujitengenezea Kasha la Kompyuta

Mwaka 1976, aliyenunua kompyuta ya Apple I alikabidhiwa ubao wenye chipu, basi. Kasha, kibodi na kifaa cha umeme alijitafutia, na baadhi ya wanunuzi waliishia kwa seremala. Miaka 20 baadaye, Larry Page na Sergey Brin wa Chuo Kikuu cha Stanford walipanga diski 10 za gigabaiti 4 ndani ya kasha la matofali ya plastiki ya kuchezea watoto, na mtambo uliokuja kuitwa Google ukahifadhi data zake humo. Fundi anayekata plaiwudi uani leo hajaanzisha jambo geni.

Hata wakubwa huteleza kwenye joto. Apple III ya mwaka 1980 ilitoka bila feni, chipu zikalegea, na wateja wakashauriwa kuinyanyua kidogo na kuiachia idondoke mezani ili zikae sawa!

Hesabu yenyewe si ngumu. Kompyuta inayokula wati 300 hugeuza karibu zote kuwa joto. Ili hewa ipitayo ndani isipande zaidi ya nyuzi joto 10, zinahitajika lita 25 hivi za hewa kila sekunde. Chumba cha Mombasa kikiwa na nyuzi 32, hewa itatoka na 42. Hakuna feni itakayoshusha joto la ndani chini ya lile la chumba. Anayeahidi hivyo anauza maneno.

Ndiyo maana kalamu hutangulia msumeno. Hewa iingie mbele, upande wa chini, ipite kwenye kadi ya grafiki na prosesa, itokee nyuma juu. Feni ya milimita 120 ina matundu ya skrubu yaliyoachana milimita 105, na tundu lake la hewa likatwe wazi kabisa kisha lifunikwe kwa waya mwembamba. Wengi hutoboa vijitundu kwa drili kwa sababu vinapendeza, kumbe mbao zinazobaki katikati zinaziba hewa na kuongeza kelele. Uso wa kioo kitupu mbele ya feni ni urembo unaolipiwa kwa joto.

Feni za kuingiza zikizidi kidogo nguvu za kutoa, hewa ya ziada husukumwa nje kupitia nyufa, na vumbi hulazimika kupita kwenye chujio. Wavu laini wa nailoni unatosha, mradi uchomoke na kuoshwa.

Kasha likikamilika, fundi awashe kijiti cha udi na kukisogeza taratibu mbele ya feni. Moshi ukivutwa moja kwa moja na kutokea nyuma, kazi imekubali. Ukizunguka pembeni na kurudi mbele, hewa moto inaingizwa tena: kipande cha kadibodi kati ya feni na ukuta wa kasha huziba mwanya unaoirudisha.

Mbao hazipitishi umeme, hivyo kasha lake haliwezi kupeleka umeme uliovuja ardhini kama la chuma: plagi ya pini tatu na soketi yenye waya wa ardhi ni lazima. Pawa saplai iwe na tundu lake la kuvutia hewa, bila kubanwa na sakafu, na isifunguliwe kamwe: kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa ukutani.