SOMO LETU: JUA NA KIVULI KATIKA KITALU CHA MITI YA ASILI



Wengi wetu katika mashamba ya chai na miwa hapa magharibi mwa Uganda tunaijua kazi ya kitalu. Zamani ilikuwa miche ya chai na kalitusi tu. Siku hizi mashamba kadhaa huotesha pia miti ya asili, ili ipandwe kandokando ya mito na mahali ambapo msitu ulikatwa. Leo tutajifunza jambo moja tu katika kazi hiyo: jua na kivuli. Tumelichagua kwa sababu miche ikifa, wa kwanza kulaumiwa ni mfanyakazi wa kitalu, na asiyejua kilichoiua miche hawezi kujitetea.

Tuanze na kisa tulichokiona wenyewe. Katika shamba moja, miche ya mkangazi, yaani mahogani, ilikuwa imekaa miezi mitano chini ya chanja la matete. Ilikuwa ya kijani na yenye afya. Siku moja ikaja amri kwamba lori litafika kesho yake. Asubuhi chanja likaondolewa, miche ikapakiwa, ikapandwa mahali peupe. Baada ya siku chache majani yakapauka, kisha yakawa ya kahawia kama yaliyopitiwa na moto. Zaidi ya nusu ya miche ikafa. Akina mama wa kitalu wakaambiwa kwamba hawakumwagilia maji, nao wakakatwa mshahara. Lakini maji walikuwa wamemwagilia kila siku. Kosa lilikuwa mahali pengine.

JANI NI KAMA KIWANDA

Jani hutengeneza chakula cha mti. Malighafi yake ni maji yanayotoka mizizini na hewa ya kaboni inayoingia kwa vitundu vidogo vya jani. Nguvu ya kuendesha mitambo ni mwanga wa jua.

Jani lililokulia kivulini huwa pana na jembamba, maana limejengwa ili likamate mwanga mchache. Jani lililokulia juani huwa dogo, nene na gumu. Ukilitoa jani la kivulini na kuliweka juani kwa ghafla, hupokea nguvu nyingi kuliko mitambo yake inavyoweza kutumia, na mitambo hiyo huharibika. Wakati huohuo jani hupoteza maji upesi kuliko mizizi michache ya mche inavyoweza kuyaleta. Ndiyo maana kumwagilia peke yake hakukuokoa ile miche ya mkangazi.

Tukumbuke pia kwamba jani lililokwisha komaa kivulini haligeuki kwa urahisi kuwa jani la juani. Mche hauna budi kutoa majani mapya yanayolingana na mwanga mpya, na kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Hakuna nyapara awezaye kuiharakisha kwa amri.

Kivuli kikizidi nacho ni hatari. Mche unaopenda jua, ukifichwa gizani, hurefuka haraka kuutafuta mwanga. Shina lake huwa jembamba kama uzi na mizizi yake haba. Na kitalu chenye kivuli kizito na maji mengi huleta ugonjwa wa ukungu: miche michanga huoza shina usawa wa udongo, ikaanguka.

MSITU WA BUDONGO UNATUFUNDISHA

Si kila mti hutaka jua sawa. Mfano mzuri ni msitu wa Budongo, wilayani Masindi. Mwaka 1947 ofisa wa misitu aitwaye Eggeling alichapisha maelezo ya jinsi msitu huo unavyopanuka na kubadilika. Pembezoni, msitu unapoingia katika nyasi, mmoja wa miti inayotangulia ni musizi. Musizi hupenda jua na hukua upesi. Baadaye, chini ya miti iliyotangulia, huota miti mingine ya aina nyingi, pamoja na mikangazi. Mwishoni, mahali ambapo msitu umezeeka, hutawala muhimbi, mti mgumu ambao miche yake huvumilia kivuli kizito.

Chini ya msitu mnene hufika sehemu 1 au 2 tu katika kila 100 za mwanga wa jua. Mche wa musizi ukibaki humo hufa. Mche wa mkangazi huweza kudumu katika kivuli kwa muda, ukingoja. Mti mkubwa ukianguka na mwanga ukaingia, huo mche huinuka.

Basi kanuni yetu ni hii: kabla ya kuupa mche kivuli, uliza kwanza mti huu huanzia maisha yake wapi msituni. Hapo ndipo msimamizi aliyezoea kalitusi hukosea. Kalitusi hutaka jua mapema. Akiitumia kanuni ya kalitusi kwa mkangazi na muhimbi, ataiunguza.

KAZI YENYEWE

1. Miche ya aina zote ikiwa ndiyo kwanza imeota, iwekewe kivuli chepesi cha matete au nyasi.

2. Musizi na mvule vipunguziwe kivuli mapema, mara miche inaposhika na kutoa majani yake ya kweli. Mkangazi na muhimbi vikae kivulini zaidi.

3. Wiki sita hivi kabla ya kupanda, tuanze kuzoesha miche jua. Kwanza tuondoe tete moja katika kila matatu. Baada ya wiki mbili tuondoe la pili. Wiki mbili za mwisho miche ikae wazi. Siku ya kupunguza kivuli iwe ya mawingu, kama inawezekana.

4. Katika muda huohuo tupunguze maji kidogo kidogo, na tukate mizizi inayotokeza chini ya viriba.

5. Tupande mvua zikishashika. Mkangazi unafaa kupandwa kati ya mistari ya musizi iliyotangulia kukua. Kivuli chepesi cha juu huusaidia, na mara nyingi hupunguza pia uharibifu wa yule kiwavi anayetoboa ncha ya mkangazi. Muhimbi nao upandwe chini ya miti, si mahali peupe.

TUFANYE NINI KAMA WAFANYAKAZI?

Wiki sita za kuzoesha miche ni kazi, na lazima zihesabiwe katika ratiba ya kazi. Wajumbe wetu waombe ratiba ya kitalu iandikwe, ionyeshe siku ya kuanza kupunguza kivuli na siku ya kupanda. Na sisi wenyewe tuweke daftari: leo tumeondoa kivuli kiasi gani, tumemwagilia mara ngapi, nani ametoa amri ya kuhamisha miche. Wale akina mama wa kisa chetu hawakuwa na daftari. Neno lao lilisimama peke yake mbele ya neno la msimamizi, likashindwa.

Mche hauuawi na jua wala kivuli peke yake. Mara nyingi huuawa na haraka.

MASWALI YA KUJADILIANA TAWINI

1. Katika shamba lenu, ni miti gani ya asili inayooteshwa, na kila mmoja huanzia maisha yake wapi msituni?
2. Miche ikipauka siku chache baada ya kupandwa, mtachunguza nini kabla ya kusema imekosa maji?
3. Nani kati yenu atalitunza daftari la kitalu?