Swichi Ikianguka, Ina Sababu



Somo hili linatoka kwa hasara yetu wenyewe. Kikundi chetu kina friji ya maziwa. Siku nyingi tulikuta swichi kubwa imejizima na maziwa yameharibika. Tuliilaumu friji, wengine wakataka iuzwe. Mmoja alisema waya upitishwe pembeni ya swichi ili isianguke tena. Tulimkataa, na tulifanya vizuri.

Dalili ya mvua ni mawingu. Swichi huanguka kwa sababu tatu hasa:

(a) Mzigo mwingi. Birika la wati 2000 hula karibu ampea 8, pasi ya wati 1000 karibu 4. Plagi zetu mwisho wake ni ampea 13. Ukirundika vifaa kwenye soketi moja, nyaya hupata moto.

(b) Nyaya kugusana. Hapo swichi huanguka mara moja, pengine na cheche.

(c) Stima kuvuja. Inatoka njia yake na kwenda ardhini kupitia mwili wa kifaa, au wa mtu. Swichi yenye kitufe cha kujaribia, chenye herufi T, hukata haraka. Nyingi huanguka ikivuja miliampea 30 tu, ili mtu asife.

Tulitafuta hivi:

1. Tulichomoa plagi zote. Kuzima soketi peke yake hakutoshi, kwa maana waya mmoja hubaki umeunganishwa na stima huweza kuvuja huko.

2. Tuliinua swichi. Kama ingeanguka bila kifaa chochote, shida ingekuwa kwenye nyaya za nyumba, na hiyo ni kazi ya fundi.

3. Tulichomeka kifaa kimoja kimoja, mikono mikavu na viatu miguuni. Usifanye haraka. Friji ingoje mpaka ingurume. Kifaa cha moto kingoje kipate joto.

Friji ilinguruma nusu saa bila neno. Pasi pia. Birika la chai lilipoanza kupata moto, tap! Tulilijaribu kwenye soketi nyingine, tap tena. Kumbe ndilo! Fundi alikuta chuma cha kuchemshia kimepasuka na maji yameingia ndani. Wa zamu ya chai alikuwa akidhani stima imepotea kijiji kizima, anaenda zake, na friji inabaki imezimika. Tungeuza friji nzima kwa kosa la birika!

Tafadhali shikeni haya:
- Msiweke waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi.
- Msikate waya wa kijani na manjano. Ndio unaopeleka stima ardhini ikivuja.
- Kifaa kinachorusha hata kidogo, kichomoeni. Msingoje kesho.
- Bonyezeni kitufe cha T mara kwa mara. Swichi isipoanguka, haiwalindi. Iteni fundi.

Maswali ya kujadili kikundini:
1. Swichi yetu ikianguka, nani huiinua, na je, huuliza sababu?
2. Je, tuna kifaa tunachokilaumu bila kukijaribu?
3. Ni soketi gani kwetu imebeba mzigo mwingi?