Jua haki zako: meza za nje ya mgahawa, na ardhi iliyo chini yake

Leseni ya biashara uliyoitundika ukutani inahusu fremu uliyopanga. Haivuki kibaraza. Wenye migahawa wengi wa Katesh, Dongobesh, Haydom na Mbulu mjini hulijua hili siku mgambo wanaposhuka kwenye gari na kuanza kupakia viti vya plastiki, miamvuli na jiko la chipsi ambalo mafuta yake hayajapoa. Mwenye mali anakimbilia leseni, anaambiwa leseni haina tatizo. Ni kweli, haina. Tatizo ni ardhi ambayo meza imesimama juu yake.

Kwa hiyo kabla hujanunua turubai, uliza kwanza: barabara inayopita mbele ya mgahawa ni ya nani? Barabara kuu na za mkoa zinasimamiwa na TANROADS. Za wilaya, pamoja na zile za mitaani, zinasimamiwa na TARURA, iliyoanza kazi Julai 2017. Katesh imepitiwa na barabara kuu ya kutoka Singida kwenda Babati, hivyo ukitandaza meza pembeni ya lami ile uko kwenye eneo la TANROADS. Barabara ya Karatu, Mbulu hadi Haydom ni ya mkoa, nayo iko huko huko. Ukiingia mtaa wa nyuma ya soko, mwenye neno ni TARURA. Halmashauri iliyokupa leseni haiwezi peke yake kukugawia hifadhi ya barabara. Hapa ndipo watu wanapoumia. Wanalipa ushuru kila siku, wanatunza stakabadhi vizuri, wakiamini kuwa ushuru umewapa na eneo.

Sheria ya Barabara Na. 13 ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 45 hadi 60, yaani mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Zamani zilikuwa 22.5. Ndiyo maana kuna nyumba zilizopigwa X ya kijani na nyingine X nyekundu. Ya kijani ni kwa waliokuwepo kihalali kwenye zile mita 7.5 zilizoongezwa, na hao wana haki ya fidia. Nyekundu ni kwa waliojenga ndani ya hifadhi ya zamani. Chukua futi kamba, pima. Huenda ukakuta si meza tu, hata mlango wako uko ndani ya hifadhi.

Hilo lisikukatishe tamaa, maana sheria hiyo hiyo imeacha mlango. Kifungu cha 29 kinasema hifadhi ni kwa ajili ya barabara, kisha kinairuhusu mamlaka ya barabara kumpa mtu sehemu ya hifadhi aitumie kwa muda na kwa masharti, mradi umma usidhurike. Wachache sana wanaiomba nafasi hii. Andika barua kwa Meneja wa TANROADS wa Mkoa wa Manyara, ofisi iko Babati, au kwa Meneja wa TARURA wa wilaya yako. Ambatanisha mchoro wa mkono tu: upana wa fremu, idadi ya meza, mtaro ulipo, na njia utakayowaachia wapita kwa miguu na wenye baiskeli ya magurudumu matatu. Sema wazi kwamba usiku kila kitu kinaingia ndani. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Barua isiyo na muhuri ni sawa na ambayo haikuandikwa.

Ushauri wangu ni meza za kukunja na mwavuli. Ukishamwaga zege na kuezeka mabati umejenga, na ujenzi mjini unahitaji kibali chini ya Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya 2007. Kibali cha kutumia hifadhi kwa muda hakikupi haki ya fidia barabara ikipanuliwa.

Ukiwa na uwanja ndani ya kiwanja chako mwenyewe, TANROADS na TARURA hawakuhusu. Angalia tu umbali na maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na baada ya tope la Mlima Hanang kuteremka Katesh tarehe 3 Desemba 2023 na kuua watu zaidi ya 80, sioni sababu ya mtu kubishana na mita hizo.

Halafu kuna bwana afya. Kuwa nje hakukupunguzii sharti lolote la afya. Wahudumu na wapishi wapime afya kila miezi sita, maji ya kunawa yawepo, choo kiwepo, na chakula kifunikwe. Vumbi la barabara likitua kwenye kachumbari ni kosa lako, si la upepo. Anayechoma nyama aangalie kitu kimoja zaidi: mbuzi anayening'inia mbele ya jiko awe na muhuri wa mkaguzi wa nyama mwilini. Usikate kipande chenye muhuri mapema, kiache kiwe cha mwisho, maana hicho ndicho ushahidi wako mteja au afisa akiuliza. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Bia inahitaji leseni yake chini ya Sheria ya Vileo ya 1968, na leseni hiyo ni ya eneo lililotajwa ndani yake. Ukiongeza uwanja wa nje, omba uongezwe kwenye leseni.

Mama lishe mwenye sufuria mbili na benchi asidhani haya ni ya wakubwa. Kama mauzo yako kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 4, hudaiwi kodi ya mapato, na kuna kitambulisho cha mfanyabiashara mdogo kwa shilingi 20,000. Kitambulisho hakikupi eneo, ila kinakupa nafasi ya kudai uonyeshwe lililotengwa. Septemba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliwaagiza wakuu wa mikoa wawapange wamachinga bila kutumia nguvu. Kumbusha hilo kwa adabu.

Mgambo wakija, omba kitambulisho na uulize ni sheria ndogo ipi. Ibara ya 138 ya Katiba inakataza kodi isiyotokana na sheria, na sheria ndogo ya halmashauri lazima iwe imeidhinishwa na waziri na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Malipo yapitie namba ya malipo ya Serikali na stakabadhi itoke. Akitaka mkononi, piga 113, TAKUKURU, bure. Mali ikichukuliwa, dai orodha iliyosainiwa, hata kama ni kiti kimoja. Mara nyingi sheria ndogo humruhusu mkurugenzi kufifilisha kosa, yaani unakiri kwa maandishi na kulipa bila kwenda mahakamani. Kama hukukosea, usisaini hati hiyo. Mwambie unataka kusikilizwa. Ibara ya 13(6)(a) inakupa haki hiyo pamoja na ya kukata rufaa.

Lalamiko lianze kwa mtendaji wa kata, liende kwa diwani, kisha kwa mkurugenzi, kila hatua kwa barua. Ukifikia kushtaki halmashauri, unatakiwa kwanza kutoa notisi ya siku 90. Usiiandike peke yako. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaosaidia bila malipo. Uliza kwa ofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri walipo, na uende na leseni, stakabadhi, ile barua yenye muhuri, na picha ya meza zako zilivyokuwa zimepangwa.