Mrusho wa Kombo na Mponyosho: Suala la Lawama katika Uandishi wa Alama za Softiboli

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kufafanua tofauti kati ya matukio mawili ya softiboli ambayo mtazamaji huyaona kuwa tukio moja. Mpira unarushwa, unampita mdakaji aliyechutama nyuma ya mpigaji, na mkimbiaji aliyekuwa kwenye kituo anasogea mbele. Karatasi ya alama, hata hivyo, hudai jina la mwenye kosa: ama ni mrushaji, ama ni mdakaji.

Kwa msomaji wa Kitale au Bungoma, ugumu wa jambo hili una chanzo kinachoeleweka. Mchezo wa aina hii unaofahamika zaidi shuleni ni raunda. Katika raunda, mwamuzi hukataa mrusho uliopita juu ya kichwa cha mpigaji au chini ya goti lake, lakini mpira ukimpita mdakaji wa nyuma hakuna anayemwandikia mdakaji huyo chochote. Mpigaji hukimbia, pointi huhesabiwa, basi. Softiboli, iliyoanzia Chicago mwaka 1887, ni mchezo wa daftari. Kila hatua ya mkimbiaji ni lazima ipatiwe sababu.

Kanuni na mipaka yake

Mrusho wa kombo ni ule uliokwenda juu mno, chini mno au kando mno hata mdakaji asiweze kuudhibiti kwa juhudi za kawaida. Mponyosho ni mpira ambao mdakaji alipaswa kuudhibiti kwa juhudi hizo hizo, ila akashindwa. Mpira uliogusa ardhi kabla ya kufika kwenye kibao cha nyumbani, kisha mdakaji asiudhibiti, hubebeshwa mrushaji bila mjadala. Katika karatasi za kimataifa tukio la kwanza huandikwa WP na la pili PB. Hakuna kinachoandikwa iwapo hakuna mkimbiaji aliyefaidika. Mpira uliompiga mpigaji mwilini nao hauingii katika hesabu hii, kwa kuwa mchezo husimama papo hapo.

Uzito wote wa suala umo katika maneno "juhudi za kawaida". Kawaida ya nani? Si ya mdakaji wa Olimpiki. Kipimo ni mdakaji wa wastani wa kiwango cha mashindano yanayochezwa, huku hali ya uwanja na ya hewa zikizingatiwa. Tuchukulie kwamba timu ya shule ya Bungoma imesafiri hadi Kitale katika miezi ya mvua za masika, na alasiri mvua imenyesha kama ilivyo desturi ya mji ule. Mpira umelowa, nyasi zinateleza. Mpira unakuja kando kidogo, mdakaji anajinyoosha, mguu unateleza, mpira unapita. Siku ya jua tungemwandikia mdakaji bila kusita. Siku hiyo, kwa maoni yangu, lawama inamhamia mrushaji, maana katika uwanja ule mdakaji wa wastani hangeufikia. Kwa hiyo mvua humpunguzia mdakaji mzigo na kumwongezea mrushaji, ingawa imewalowesha wote wawili! Wapo watakaoona kuwa huu ni uonevu. Lakini kanuni hupima uwezekano wa kudaka. Haipimi ugumu wa kurusha.

Katika softiboli ya wanawake mrushaji husimama umbali wa mita 13.11 kutoka kwenye kibao, hivyo mpira hufika upesi mno. Mwandishi asiufuate mpira peke yake. Na aitazame glavu: je, ilikuwa imeshafika mahali mpira ulipopita? Je, mdakaji alihitaji kugeuza kiganja tu, au ilimbidi aruke?

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tujisumbue, ilhali pointi kwenye ubao ni ile ile. Jibu limo katika wastani wa mrushaji. Pointi iliyopatikana kwa mrusho wa kombo huhesabiwa dhidi yake. Iliyopatikana kwa sababu ya mponyosho haihesabiwi. Wastani huo hupatikana kwa kuzidisha pointi hizo mara 7, kisha kugawanya kwa awamu alizorusha. Msichana aliyerusha awamu 14 na kuhesabiwa pointi 4 ana wastani wa 2.00. Iwapo pointi 2 kati ya hizo zilitokana na mponyosho na mwandishi akakosea, wastani wake halisi ni 1.00. Mwalimu anayeteua timu kwa kusoma karatasi atamwacha nje kwa kosa la kalamu.

Suala la istilahi

Tafsiri ya neno kwa neno, "mpira uliopita", haifai, kwani mrusho wa kombo nao hupita. "Mpira ulioponyoka" huvutia sikio, lakini una kasoro ya kisarufi ambayo mwanafunzi wa Kiswahili ataitambua mara moja. Mtoto akimwambia mama yake, "Sahani imevunjika," amesema kweli na amejificha ndani ya kitenzi. Kuponyoka ni hivyo hivyo: mpira umetoka, mtendaji hayupo. Kama tulivyo na kuanguka na kuangusha, tunayo pia kuponyoka na kuponyosha, na kitenzi hicho cha pili hudai mtendaji. Ndiyo sababu ninapendekeza "mponyosho". Kwa upande wa mrushaji, "kombo" yatosha, maana husema mpira ulivyokwenda bila kudai kwamba alikusudia.

Imebaki hali moja inayowatatiza hata waandishi wazoefu. Mpigaji mwenye makosa mawili anaufuata kwa gongo mpira uliogonga ardhi, anaukosa, nao unampita mdakaji. Kituo cha kwanza kikiwa wazi, au wawili wakiwa wameshatolewa, mpigaji ana haki ya kukimbia, naye akikifikia kituo salama hatolewi. Hapo mrushaji huandikiwa sifa ya kumshinda mpigaji na lawama ya mrusho wa kombo, zote mbili kwa mpira mmoja.