Mfuko wa Mji Wetu: Shilingi Yatoka Wapi na Yaenda Wapi

Wengi wetu katika shule hii tu watoto wa wakulima wa Ipyana na vijiji vilivyo karibu na Ziwa Nyasa. Sare zetu, madaftari yetu na nauli za kurudi nyumbani hutoka katika mpunga na kokoa. Hata hivyo, ukimwuliza mwanafunzi fedha za mji ni za nani, atakujibu kwamba ni za ofisi. Jibu hilo si sahihi, nami nataka kueleza sababu yake.

Mji wa Kyela na kata ya Ipyana vimo katika Halmashauri ya Wilaya ya Kyela. Halmashauri hupata fedha kutoka serikali kuu, na hukusanya nyingine yenyewe: leseni za biashara, ada za soko, na ushuru wa mazao. Ushuru huo zamani ulifika asilimia 5. Mwaka 2017 Bunge liliupunguza ukawa asilimia 3 kwa mazao ya biashara. Kisheria mnunuzi ndiye anayeulipa. Lakini kila mzazi wetu ajua kwamba mnunuzi huuhesabu kabla ya kutaja bei.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme kokoa imeuzwa kwa shilingi 1,000,000. Ushuru wake ni shilingi 30,000. Sheria yaagiza kwamba katika mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 10 itengwe kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Basi, katika zile shilingi 30,000 twapata shilingi 3,000 za mikopo: wanawake 1,200, vijana 1,200, na wenye ulemavu 600. Fedha hizi ni kidogo, lakini hutoka katika magunia mengi, na mkopo ukirudishwa hukopeshwa tena. Asiyelipa hamwibii karani; amnyima jirani yake anayengoja zamu.

Jambo hili lilionekana wazi mwaka 2023. Baada ya taarifa ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha kasoro nyingi, zikiwamo fedha zisizorejeshwa, serikali ilisimamisha mikopo hiyo nchini kote. Ilirudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Katika muda huo vikundi vilivyolipa hata senti ya mwisho vilingoja sawasawa na vile ambavyo havikulipa. Ndivyo ulivyo mfuko wa wote: kosa la wachache hulipwa na wengi.

Je, nani huamua matumizi ya fedha zinazobaki? Kijijini, uamuzi huanza katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18. Mkutano huo yapasa ufanyike kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo hesabu za mapato na matumizi husomwa. Katika mji mdogo, kikao cha chini ni cha kitongoji. Maombi hupanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha hadi Baraza la Madiwani, ambalo hupitisha bajeti.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulisahau. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na bajeti hutayarishwa miezi mingi kabla. Sisi twajua kwamba mvua zetu kubwa hunyesha Machi hadi Mei, wakati Mto Kiwira na mito mingine itokayo milimani hufurika. Mtu anayeomba mtaro au karavati mwezi Aprili, maji yakiwa yamekwisha ingia nyumbani, ameomba wakati bajeti imekwisha pangwa. Ombi la mtaro lapasa kutolewa wakati ardhi ni kavu na watu hawaufikirii.

Wengine husema, afadhali wataalamu wa serikali kuu waamue yote. Nchi yetu ilikwisha jaribu jambo hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 halmashauri za wilaya na za miji zilivunjwa. Huduma za miji zikadhoofika, hata halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978. Za wilaya zilianza kazi tena mwaka 1984, kwa sheria zilizotungwa mwaka 1982. Mtaalamu anahitajika sana, lakini hawezi kujua ni kivuko kipi kinachowazuia watoto kwenda shuleni, asipoambiwa na wanaokivuka.

Mimi nina miaka 17, na mwakani nitakuwa na haki ya kusimama katika mkutano wa kijiji. Wenzangu wa kidato cha nne nao ni hivyo hivyo. Nawashauri twende na maswali matatu. Kwanza, tangu mkutano uliopita zimeingia shilingi ngapi, na stakabadhi zake ziko wapi? Pili, zimetumika kwa kazi gani, na kazi hiyo yaonekana wapi? Tatu, ombi letu la mwaka jana limefika kikao kipi?

Tuyaulize kwa adabu, kwa kuwa wanaojibu ni baba zetu na mama zetu. Lakini tuyaulize kila mara, na majibu tuyaandike katika daftari. Kiongozi mwaminifu hatachukia, maana daftari hilo litamtetea siku atakaposingiziwa. Na asiye mwaminifu atajua kwamba gunia la mama yangu lina mtu anayelihesabia.