"Pick up": kuokota, kupokea, kukamata

Ndugu wasomaji wa Kizuka, pikapu mnaijua: hubeba mawese na ndagala. Jina hilo limetokana na kitenzi cha Kiingereza, lugha iliyopewa hadhi rasmi nchini Burundi mwaka 2014. "Pick up the fish" ni kumwokota samaki aliyeanguka. "Pick up the phone", kupokea simu. "Pick up my mother", kumpitia mama kwa gari. Hapa ndipo penye mashaka: "The police picked him up" mara nyingi humaanisha tumemkamata, ingawa yawezekana tumempa lifti tu, kama tufanyavyo usiku wa mvua. Ujumbe huo ukiwafikia, kabla ya kuanza kulia nyumba nzima, mwulizeni aliyeutuma: "Was he arrested?", yaani, je, amekamatwa?